Kisima kikichimbwa, udumavu haukimbii

Nimeisikia tena kikaoni: "Tuchimbe kisima, watoto wataacha kudumaa na kina mama watafanya biashara." Vichwa vikatikisika. Nilinyamaza kwa adabu; hapa adabu imeisha.

Udumavu kwanza. Majaribio ya WASH Benefits nchini Bangladesh na Kenya, na lile la SHINE nchini Zimbabwe, yalipima klorini ya kutibu maji ya kunywa, vyoo na kunawa mikono. Matokeo yalitoka 2018 na 2019: urefu wa watoto haukuongezeka kwa hayo peke yake. Kilichosaidia, tena kidogo, ni nyongeza ya lishe. Kuhara kulipungua Bangladesh tu. Ila wanaoshangilia kwamba "maji hayana maana" nao watulie: kilichotiwa dawa ni maji yaleyale yaliyokuwepo, hakuna aliyevutiwa bomba nyumbani. Binafsi naamini wingi wa maji ungeleta tofauti, lakini ushahidi wa kukuonyesha bado ni mwembamba.

Na hapa ndipo ninapokereka: dakika. Kwa WHO na UNICEF, huduma ya msingi ni chanzo kilichoboreshwa, na kwenda, foleni na kurudi visizidi dakika 30. Sawa. Basi mradi unampunguzia mama kutoka dakika 25 hadi 10, tunapiga makofi, halafu tunashangaa mbona kiasi cha maji kinachotumika nyumbani ni kilekile. Kwani mlitarajia nini? Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani. Ukimsogezea kisima, safari anazifupisha, haziongezi. Matumizi hupanda bomba likifika uani: hapo mikono inanawiwa bila kupimiana vikombe, nguo za mtoto zinafuliwa siku hiyohiyo, mboga zinamwagiliwa.

Je, muda uliookolewa unageuka pesa? Tangier, Morocco, familia zilikopeshwa ili ziunganishiwe maji. Tayari zilikuwa zikichota maji safi kwenye bomba la umma, kwa hiyo magonjwa hayakupungua. Kipato nacho hakikupanda. Watu walipumzika, wakatembeleana, ugomvi ukapungua. Kuna wanaosoma hivyo wakasema mradi ulifeli. Yaani mama kupumzika nayo ni hasara!

Kamati za maji sitazirefusha. Kumpa mama utunza hazina huku bei ya ndoo na zamu za umwagiliaji zikipangwa na wengine ni kumkabidhi kufuli bila ufunguo. Katika kaya saba kati ya kumi zisizo na maji nyumbani, jukumu la kuchota ni la wanawake na wasichana. Kwa hiyo mkiniletea mchoro mwingine wa kisima, leteni na majibu: pampu ikifa nani anamlipa fundi, na mbeba ndoo alikuwepo bei ilipopangwa?