"Sina maumivu, nipimwe nini?" Maswali ya akina mama kuhusu magonjwa ya zinaa na kizazi

Maswali haya huyasikia kwenye benchi la kliniki huku Eastlands, Nairobi. Huulizwa kwa sauti ya chini, na mengi huanza na "kuna rafiki yangu fulani..."

Swali: Siumwi wala sitokwi na uchafu. Nipimwe nini?

Jibu: Klamidia, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria, haibishi hodi. Wanawake wengi walio nayo hawaoni dalili yoyote, na kisonono nacho mara nyingi hujikalia kimya kwenye mlango wa kizazi. Mwanamume wa kisonono huungua akikojoa, akakimbilia dawa siku hiyo hiyo. Mwanamke anaendelea kuuza mboga zake kama kawaida. Vituo vingi vya afya hutibu kwa kufuata dalili, kwa hiyo asiye na dalili hupitwa. Omba kipimo mwenyewe, hasa kama una mpenzi mpya au mwenzako ametibiwa juzi.

Swali: Ugonjwa wa huku chini unafikaje kwenye kizazi?

Jibu: Hupanda. Bakteria hupita mlango wa kizazi, wakaingia mji wa mimba, wakafika kwenye mirija ya uzazi. Mahali palipo pembamba zaidi, tundu la mrija ni kama milimita 1 tu. Ndani mna vinyweleo vidogo mno vinavyolisukuma yai. Uvimbe ukishika humo, vinyweleo hufa, na panapopona hubaki kovu. Kovu la gotini hulisahau. Kwenye njia ya milimita 1 kovu ni ukuta.

Mirija yote miwili ikiziba, yai na mbegu havikutani. Ikiziba nusu, mbegu hupenya lakini yai lililotungwa hukwama njiani, mimba ikakua nje ya mji wake hadi mrija upasuke. Ukikosa hedhi, kisha upate maumivu makali upande mmoja wa tumbo, damu ukeni au kizunguzungu, usingoje kupambazuke. Tafuta gari, nenda hospitali usiku huo huo.

Watafiti wa Sweden waliofuatilia wanawake waliougua mirija walikuta kwamba, baada ya kuugua mara moja, takriban 8 kati ya 100 walishindwa kushika mimba kwa sababu ya mirija. Waliougua mara tatu au zaidi walikuwa 40 kati ya 100. Ndiyo maana nikiona mtu amerudi na tatizo lile lile, huwa naanza maswali upya.

Swali: Nilinunua dawa dukani, uchafu ukakauka. Si nimepona?

Jibu: Dada mmoja alinifungulia karatasi ya kaki: vidonge vinne vya doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, alivyouziwa kulingana na pesa aliyokuwa nayo. Dozi ya klamidia ni miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7. Hivyo ni vidonge 14. Tena kisonono siku hizi hutibiwa kwa sindano ya seftriaksoni, maana vijidudu vyake vimezoea dawa nyingi za zamani. Mjamzito naye hupewa dawa nyingine. Na huenda uchafu huo haukuwa wa zinaa hata kidogo. Fangasi pia huuleta.

Swali: Nikijisafisha ndani kwa sabuni?

Jibu: Hapana. Osha nje kwa maji, inatosha.

Swali: Mume wangu hataki kuja kliniki.

Jibu: Ukitibiwa peke yako, atakurudishia. Msikutane kimwili hadi nyote mmalize dawa na siku 7 zipite. Muulize muuguzi njia ya kumfikishia ujumbe. Kama unaogopa atakupiga, sema mapema, tutafute njia nyingine pamoja.

Swali: Mirija ikishaziba, dawa itaizibua?

Jibu: Dawa huua vijidudu, haifuti kovu. Daktari ataagiza picha ya mirija, kisha azungumze nawe kuhusu upasuaji au kutungisha mimba nje ya mwili, jambo ambalo ni ghali kwa wengi wetu. Lakini kabla mama mkwe hajaanza kuhesabu miaka, mumeo naye apimwe mbegu. Wangapi wamerudishwa kwao ilhali shida ilikuwa kwa mwanamume?

Swali: Na kaswende, ikinikuta nina mimba?

Jibu: Humfikia mtoto tumboni na inaweza kumuua. Kipimo ni tone la damu, tiba ni sindano ya penisilini. Wengi hungoja tumbo lionekane ndipo waanze kliniki. Anza mara tu ukijua una mimba.