Tofali la hempu: si bangi, wala si muujiza

Ukitaja barazani nyumba ya hempu, mmea wa jamii moja na bangi, wa kwanza kujibu atakwambia ikishika moto mtaa mzima utalewa. Hapana. Marekani, kwa mfano, hempu ya viwandani haitakiwi kuzidi asilimia 0.3 ya THC, kilevi cha bangi. Tena hawajengei majani wala maua. Ni kiini cha bua, kinakatwakatwa na kuchanganywa na chokaa na maji kuwa tofali. Chokaa hiyo ndiyo inayofanya hata moto usishike kirahisi.

Wengine hudhani ni zege tu ya aina nyingine. Fundi akiamini hivyo ataangusha nyumba. Mita moja ya ujazo ina kilo 300 hadi 400 hivi, zege ya kawaida hukaribia 2,400. Wepesi huo ni hewa iliyonaswa ndani, nayo ndiyo inayozuia joto. Paa na ghorofa hubebwa na fremu ya mbao au nguzo. (Na mbao hizo mchwa wetu hazisamehi.)

“Unyevu wa visiwani utauozesha ukuta huo.” Hili lina uzito, ila jawabu tunalo Mji Mkongwe. Kuta zile nene za mawe ya matumbawe na chokaa zimevuka karne kwa sababu chokaa hupokea unyevu na kuutoa. Nyingi zinaharibiwa na plasta ya sementi: maji na chumvi hunaswa ndani, plasta inavimba, kisha inabanduka na ngozi ya jiwe. Ukuta wa hempu ukipigwa sementi utapata maradhi hayohayo. Unataka plasta ya chokaa, msingi ulioinuka, upenu mpana, na wiki kadhaa za kukauka. Kwa hiyo si kazi ya masika.

Kwamba utamaliza joto? Nusu kweli. Ujenzi huu ulianzia Ufaransa, kwenye baridi. Kwetu usiku haupoi sana, na joto kali hushuka kutoka kwenye bati. Tangulizeni dari nzuri, na madirisha yanayotazamana ili kaskazi na kusi zipite.

Na kwa kuwa mmea wenyewe ni marufuku kulimwa huku, malighafi ingekuja kwa meli, na faida ya mazingira ikapungua njiani. Mimi ningeanza na makumbi ya nazi. Kina mama wa pwani huyaloweka, wakayaponda wapate usumba wa kusokotea kamba. Kwingineko nyuzi hizohizo hushindiliwa zikawa mikeka ya kuwekwa juu ya dari. Hazina chokaa, kwa hiyo zitahitaji kinga ya moto.