Gando la kaa ndani ya kimelea cha kifua kikuu

Shika kaa wa mikoko pale Chwaka utazame gando lake: taya mbili na uwazi katikati. Polimerasi ya RNA, kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA ndani ya bakteria kama kimelea cha kifua kikuu, ina umbo hilohilo. Taya moja ni protini iitwayo beta, ya pili ni beta-prima. Alfa mbili zimezishikilia kwa nyuma, na omega, kidogo kuliko vyote, imeegemea beta-prima. Kipande cha sita, sigma, huja kuonesha jeni inapoanzia, kisha mara nyingi huachia njiani.

DNA hupita kwenye uwazi wa gando. Nyuzi zake huachanishwa kwa urefu wa herufi kumi na kitu, na chini kabisa, penye ioni ya magnesi, nyukliotidi, yaani herufi za RNA, huunganishwa moja baada ya nyingine. Nyukliotidi hizo haziingii kwa mlango wa DNA. Zina kichochoro chao cha pembeni, kama vile vya Mji Mkongwe. RNA inayotengenezwa nayo ina njia yake ya kutokea.

Njia hiyo ndiyo inayozibwa na rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Dawa haigusi magnesi. Hujibana kwenye kishimo cha beta, na RNA ikifikia nyukliotidi mbili au tatu hukwama. Kimeng'enya chetu wanadamu kishimo chake hakiipokei, ndiyo maana anayekufa ni kimelea.

Usugu wa kimelea kwa dawa nao ni jambo dogo la kutisha. Asidi amino ya 450 ya beta ikibadilika kutoka serini kuwa leusini, dawa haishiki tena. Mabadiliko ya namna hii karibu yote yamo katika herufi 81 za rpoB, jeni inayotengeneza beta, na hizo ndizo mashine ya GeneXpert inazozichunguza katika makohozi ya mgonjwa, kwa takriban saa mbili. Lakini ukiipa mate, itachunguza mate. Kohoa kutoka kifuani, asubuhi, angalau mililita moja.

Rifampisini hunyonywa vizuri tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya chakula au mbili baadaye. Aliyeruhusiwa na daktari kufunga Ramadhani aimeze saa nzima kabla ya daku. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa si damu, ni dawa inatoka. Wapo wanaoogopa wakaacha vidonge, na vimelea vichache vilivyokwisha badilika vikabaki kuzaana peke yao.