Mayai ameacha, mafuta kwenye ini yamebaki

Dereva mmoja wa teksi anayeshinda kwenye foleni za Mombasa Road aliniwekea karatasi mbili mezani. Ya kwanza, mafuta ya damu: trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) zimepanda hadi 3.1, HDL (ile kolesteroli "nzuri") imeshuka hadi 0.8. Ya pili, altrasaundi: ini lina mafuta. "Daktari, sasa nina magonjwa mawili?" Miezi minne hajagusa mayai wala nyama choma, na alikuwa na hasira. Sikumlaumu.

Nilimwambia ni ugonjwa mmoja, umeonekana mara mbili.

Wengi hudhani mafuta ya ini yanatoka moja kwa moja kwenye sahani. Mwaka 2005 watafiti Marekani walifuatilia chanzo chake kwa wagonjwa wachache: asilimia 59 yalitoka kwenye mafuta ambayo tayari yamehifadhiwa mwilini, 26 yalitengenezwa na ini lenyewe, hasa kutokana na sukari na wanga, na 15 tu ndiyo yaliyotoka kwenye mafuta ya chakula. Mayai yamesingiziwa sana.

Kazi moja ya insulini ni kuyatuliza mafuta ya akiba yasitoke ovyo. Kitambi kikikua, mwili unaacha kuisikia, mafuta yanavuja kwenye damu na ini linayapokea. Likizidiwa, linayafunga kwenye vifurushi viitwavyo VLDL na kuvirudisha damuni. Hizo ndizo trigliseridi za karatasi ya kwanza. Vifurushi hivyo navyo hubadilishana mizigo na HDL. HDL iliyobebeshwa trigliseridi huondolewa haraka, ndiyo maana HDL ya dereva huyu ilikuwa 0.8 wakati kwa mwanamume tunataka ipite 1.0. Chembe za LDL, ile kolesteroli "mbaya", nazo huwa ndogo na nzito, kwa hiyo namba ya LDL inaweza kuonekana nzuri huku mishipa ikiendelea kuumia. Mtu akiniambia "kolesteroli yangu iko sawa", mimi huomba karatasi yote.

Basi nikamuuliza anakunywa nini barabarani. Chai ya maziwa mara nne, vijiko vitatu kila kikombe, na soda ya nusu lita mchana. Soda hiyo peke yake ina takriban gramu 50 za sukari. Wikendi, juisi. "Juisi si ni matunda, daktari?" Ni matunda, mzee, ila ni maembe manne kwa dakika mbili, na fruktosi yake, yaani sukari ya matunda, nyingi inaishia kwenye ini.

Kumbe hata statini, dawa za kushusha kolesteroli, alikuwa ameacha, jirani alimwambia zinaharibu ini. Hili ndilo hunikera zaidi. Mafuta kwenye ini si sababu ya kuziacha, na wagonjwa hawa wengi huuawa na moyo kabla ini halijawaangusha. Nilimrudishia siku hiyo hiyo.

Kilichonitia wasiwasi ni makovu ndani ya ini. Umri wake, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani (zile za kugandisha damu) vilitosha kukokotoa FIB-4, namba ya kukadiria makovu hayo: 1.1, chini ya 1.3, yaani hatari ni ndogo. Nikashusha pumzi.

Ana kilo 92. Akipunguza tano, mafuta ya ini yataanza kupungua. Akifika saba au tisa, hata uvimbe ndani ya ini unaweza kutulia. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama chai bila sukari bado ni chai.