Floraidi ya Meru: jino huharibika kabla halijaota

Wakazi wengi wa Maji ya Chai, Kikatiti na Ngarenanyuki, karibu na Mlima Meru nchini Tanzania, wana meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi, madini yaliyo mengi kwenye maji yao, na wameshaambiwa wapige mswaki vizuri ili meno yao yawe meupe. Mswaki ni mzuri kwa mambo mengine, lakini kwa meno haya hausaidii kitu. Ukahawia ule si uchafu, na wala si rangi ya floraidi yenyewe. Jino lenye florosisi, yaani lililoharibiwa na floraidi, hutoka kwenye ufizi likiwa jeupe, weupe wa chokaa usiong'aa. Ukahawia huja baadaye, rangi za chai na vyakula zinapopenya kwenye vitundu vidogo sana vilivyomo ndani ya enameli, tabaka gumu la nje la jino. Kinachonihusu mimi kama mtu wa famakolojia, elimu ya jinsi dawa na kemikali zinavyofanya kazi mwilini, ni vile vitundu.

Enameli hujengwa na seli ziitwazo ameloblasti. Kwanza seli hizi humwaga protini, sehemu kubwa ikiwa amelojenini, na ndani yake fuwele nyembamba za madini huanza kukua. Kisha kimeng'enya kiitwacho KLK4 hukatakata protini hizo, vipande huondolewa, na nafasi yake hujazwa kalsiamu na fosfeti mpaka enameli inakuwa madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake. Kazi ikiisha, ameloblasti hufa. Jino likishaota hakuna seli hata moja iliyobaki ya kurekebisha lililoharibika, na ndiyo maana hakuna dawa ya kumeza inayotibu meno haya.

Floraidi huharibu hatua ile ya pili. Fuwele zinapokua hutoa asidi, na floraidi huziharakisha, hivyo asidi huongezeka karibu na seli. Hapo kuna hesabu ndogo ya kemia ambayo napenda wanafunzi waifanye wenyewe: pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikiongezeka, ikitoka 7.2 hadi 6.2, kiasi cha floraidi kilichojiunga na haidrojeni kuwa HF huongezeka mara kumi. Floraidi peke yake, isiyojiunga na haidrojeni, hupita kwa shida kwenye utando wa seli, lakini HF hupenya kirahisi. Ikifika ndani, ambako hakuna asidi nyingi, huachana tena na floraidi hunasa humo. Seli huelemewa, utengenezaji wa protini hupungua, na KLK4 inayotolewa huwa kidogo. Mengi ya haya yameonekana kwa panya, ambao meno yao ya mbele hukua maisha yao yote, kwa hiyo hatua zote za enameli huonekana katika jino moja. Protini ambazo hazikukatwa hubaki zimeshikilia fuwele, madini hayajai, na enameli ya chini ya uso hubaki na vitundu.

Figo nazo hufuata kemia hiyo hiyo. Mkojo ukiwa na asidi nyingi, HF hurudi kwenye damu. Ukiwa na asidi kidogo, floraidi hutoka zaidi. Mtu mzima hubakiza mwilini karibu nusu ya anachofyonza, mtoto mdogo hata asilimia 80, kwa sababu mifupa inayokua huichukua haraka.

Taji za meno ya mbele ya kudumu hujengwa kuanzia miezi michache baada ya kuzaliwa hadi miaka minne au mitano. Kwa yale mawili ya juu katikati, mwaka wa pili na wa tatu ndio wa kuchungwa zaidi. Yanaota mtoto akiwa na miaka sita hadi minane. Mzazi anayelalamikia maji ya shule ya mtoto wa darasa la pili anaangalia matokeo ya maji ya uji wa miaka mitano iliyopita. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata mama akinywa maji yenye nyingi, kwa hiyo hatari huanza hasa pale uji na maziwa ya kopo vinapokorogwa kwa maji ya bomba.

Sasa dozi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu 4 kwa miaka mingi kabla ya kushuka hapo. Chukua maji yenye 5. Mtoto wa kilo 12 anayetumia lita moja kwa siku, uji na chai vikiwemo, anapata miligramu 5, yaani zaidi ya 0.4 kwa kilo ya uzito. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa umri huo ni 0.1. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, kinachobaki huwa na nyingi zaidi kwa kila lita. Magadi ya kulainishia makande na maharage ni chanzo kinachosahaulika: yana kuanzia mamia hadi maelfu ya miligramu kwa kilo. Yakiwa na 1,000, kijiko kimoja cha gramu 5 kinaingiza miligramu 5 kwenye sufuria, sawa na lita nzima ya maji yale. Kwa familia yenye mtoto mdogo, naona magadi ndiyo ya kuacha kwanza, maana hayahitaji mtambo. Loweka maharage usiku kucha, basi.

Miamba ya volkano ya Meru ndiyo chanzo, lakini kinachoifanya floraidi ibaki kwenye maji ni uhaba wa kalsiamu. Maji ya huku yana sodiamu na bikaboneti nyingi. Kalsiamu ingekuwepo ya kutosha, sehemu ya floraidi ingeganda na kuzama. Chemchemi mbili za kijiji kimoja zinaweza kutofautiana sana, hivyo usitumie kipimo cha jirani.

Njia rahisi kuliko zote ni kuchanganya. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa; dumu moja la maji yenye 3 na dumu moja la mvua hukupa 1.5. Kwa maji yenye floraidi nyingi zaidi kuna chujio la chengachenga za mifupa iliyochomwa, ambazo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimezifanyia kazi kwa miaka mingi. Mifupa huchomwa kwa takriban nyuzi 400 hadi 500 ikiwa na hewa kidogo. Moto ukipungua, mafuta hubaki na maji hunuka na kuwa ya njano. Ukizidi, mifupa huwa myeupe na uwezo wake wa kunasa floraidi hushuka. Tafuta nyeusi au kijivu. Punje zikiwa kubwa maji hupita bila kuguswa, zikiwa unga chujio huziba. Familia nyingine zitauliza mifupa ni ya mnyama gani, na zina haki ya kujibiwa kabla ya kuuziwa.

Gramu moja ya chenga nzuri hunasa takriban miligramu 2. Kilo 10, basi, zinachukua miligramu 20,000. Ukitaka kushusha 6 hadi 1, kila lita inaacha 5, kwa hiyo ni lita 4,000: kwa dumu moja la lita 20 kwa siku, siku 200. Baada ya hapo maji hutoka mazuri tu kwa macho na kwa ulimi huku floraidi ikipita yote. Hapa ndipo vichujio vingi vya nyumbani hufelia. Andika tarehe juu ya ndoo, na siku ya 150 peleka sampuli maabara kwenye chupa safi ya plastiki, moja ya maji yanayoingia na moja ya yanayotoka. Uliza kama sampuli huchanganywa na bafa, kimiminika kinachoiachanisha floraidi na aluminiamu, kabla ya kusomwa kwa elektrodi, kifaa cha kupimia floraidi. Bila bafa, floraidi iliyoshikwa na aluminiamu haisomeki, na maji mabaya hupata karatasi nzuri.