Je, wajua kwa nini maigresheni za hifadhidata huunganishwa?

Programu iliyoanza na majedwali matano huweza, baada ya miaka michache ya kazi, kuwa na faili mia mbili za maigresheni: moja iliongeza safuwima ya namba ya simu, nyingine ikabadilisha jina lake, ya tatu ikaifuta, na ya nne ikairudisha kwa urefu mwingine. Kila faili ni agizo la kubadili muundo wa hifadhidata, na ndani ya hifadhidata kuna jedwali la kumbukumbu, ambalo katika Django, mfumo wa kuundia programu za wavuti kwa lugha ya Python, huitwa django_migrations na katika Rails, mwenzake wa lugha ya Ruby, schema_migrations, linaloorodhesha maagizo yaliyokwisha kutekelezwa ili lisirudiwe hata moja.

Swali ni kwa nini historia hiyo, iliyotunzwa kwa uangalifu hivyo, ije ifupishwe kwa kuunganisha faili nyingi kuwa moja. Jibu limo katika kutambua nani anayeihitaji. Hifadhidata iliyo kazini, yenye taarifa za wateja, imekwisha kuyapita maagizo yote ya zamani na haitayasoma tena. Anayelazimika kuyapitia yote ni hifadhidata mpya: ile inayoundwa kwenye kompyuta ya mwandaaji programu aliyejiunga na timu jana, na ile inayoundwa na kubomolewa kila mara majaribio ya programu yanapoendeshwa. Hiyo huunda safuwima, huibadilisha, huifuta na kuirudisha, ilhali ingetosha kuiunda mara moja katika umbo lake la mwisho. Zaidi ya muda unaopotea, faili ya zamani mara nyingi huita msimbo ambao ulishaondolewa kwenye programu, na siku moja mnyororo mzima hukatika hapo.

Watumiaji wa Django waliliona hili mapema. Kwa miaka kadhaa walitegemea nyongeza ya South ya Andrew Godwin, ambaye mwaka 2013 alichangisha fedha kupitia Kickstarter ili aandike mfumo wa maigresheni ndani ya Django yenyewe. Mfumo huo ulitoka katika toleo la 1.7 mwaka 2014, ukiwa tayari na amri ya kuunganisha, squashmigrations. Amri hiyo husoma maagizo kwa mfuatano na kuyapunguza: kuunda jedwali na kisha kuliongezea safuwima huwa agizo moja la kuunda jedwali lenye safuwima hiyo, na kuongeza kitu kisha kukifuta huwa si chochote. Inapokutana na agizo la msimbo wa Python lililoandikwa kwa mkono, kwa mfano la kusahihisha namba za simu za zamani, haithubutu kuvuka, kwa kuwa haiwezi kujua msimbo huo unategemea nini, isipokuwa mwandishi wake awe ameutambulisha kuwa unaweza kuachwa.

Faili mpya hubeba orodha ya zile inazozibadili. Hifadhidata iliyokwisha kuzitekeleza zote huhesabiwa kuwa imetekeleza na hii, wala haiguswi. Iliyoishia katikati humalizia kwanza zile za zamani. Ndiyo maana faili za zamani hazifutwi siku ileile: zinangoja mpaka kila seva ifike mwisho wake.

Hapa ndipo zinapoingia faharasa, yaani orodha zilizopangwa zinazoisaidia hifadhidata kupata taarifa haraka, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu inayostahili uangalifu mkubwa kuliko zote. Anayeunganisha faili huona kwa mara ya kwanza faharasa zote za jedwali zikiwa pamoja. Tuseme jedwali la malipo lina faharasa ya mteja, na miezi baadaye mtu mwingine aliongeza faharasa ya mteja na tarehe kwa pamoja. Kama vile orodha ya majina iliyopangwa kwa jina la ukoo kisha jina la kwanza inavyomtosha anayetafuta ukoo pekee, faharasa ya pili hufanya karibu kazi yote ya ile ya kwanza, huku ile ya kwanza ikiendelea kula nafasi na kupunguza kasi ya kila malipo yanayoandikwa.

Kishawishi ni kuifuta kwenye faili mpya na kuendelea. Hilo ni kosa, kwa sababu faili mpya haitekelezwi kwenye hifadhidata iliyo kazini. Faharasa itakosekana kwenye kompyuta za waandaaji na itabaki kwenye seva, na tangu hapo miundo miwili itakuwa inatofautiana kimyakimya. Faharasa iondolewe kwa maigresheni yake yenyewe, ipelekwe kila mahali, ndipo kuunganisha kufuate. Kabla ya hapo, katika mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL, itazamwe safuwima ya idx_scan kwenye pg_stat_user_indexes inayohesabu matumizi ya kila faharasa; lakini seva nakala huwa na hesabu yake mbali, na faharasa ya upekee, inayozuia thamani kujirudia, hulinda data hata kama hesabu yake ni sifuri.

Kuongeza faharasa kwenye jedwali kubwa nako kuna masharti. Amri ya kawaida ya CREATE INDEX huzuia uandishi mpaka imalize, kwa hiyo hutumika CREATE INDEX CONCURRENTLY, ambayo haikubali kuwekwa ndani ya muamala mmoja (kundi la maagizo yanayofaulu yote au kutenguliwa yote) na maagizo mengine, na ikishindwa katikati huacha faharasa batili inayopaswa kufutwa. Maigresheni kama hiyo huandikwa peke yake.

Uthibitisho wa kazi nzima hupatikana kwa kuunda hifadhidata mbili tupu, moja kwa faili za zamani na nyingine kwa faili mpya, kutoa muundo wa kila moja bila data kwa amri ya PostgreSQL ya pg_dump --schema-only, na kulinganisha. Tofauti ya mpangilio wa safuwima kwa kawaida huvumilika. Tofauti ya majina ya faharasa haivumiliki, kwa kuwa maigresheni ya baadaye itakayofuta faharasa kwa jina itafaulu upande mmoja na kukwama upande wa pili.