Unajuaje protini mbili zimeshikana ndani ya panya aliye hai?

Wanafunzi huwa wananiuliza, si kwenye sahani za maabara tunaziona kwa florosensi, yaani zinang'aa zikimulikwa, kwa nini tusimmulike na panya mzima tukamaliza kazi? Tatizo ni damu bwana. Himoglobini, ile protini nyekundu ya damu, inafyonza mwanga wa bluu na kijani kinoma, halafu ngozi na chakula kilichoko tumboni navyo vinang'aa vyenyewe ukivimulika, kwa hiyo unapata picha nzuri ya kelele tupu.

Basi hatumulikii kitu. Tunachukua lusiferasi, kile kimeng'enya kinachomfanya kimulimuli awake, tunakigawa vipande viwili ambavyo kila kimoja peke yake ni bure kabisa, kimoja tunakiunganisha na protini A kingine na B, kisha seli zenye hivyo vitu tunampandikizia panya. A na B zikishikana vipande vinakaribiana, kimeng'enya kinafufuka, unamchoma lusiferini (kemikali ambayo lusiferasi inaitumia kutoa mwanga), anapigwa dawa ya usingizi na kuingizwa kwenye boksi la giza totoro, na kamera nyeti ya CCD iliyopoozwa mpaka nyuzi 90 hivi chini ya sifuri inaanza kuhesabu fotoni, chembe za mwanga. Raha yake ni kwamba kwenye joto la mwili huo mwanga unaegemea wekundu, zaidi ya nanomita 600, na mwekundu ndo unaopenya nyama.

Kundi la mtafiti Gambhir lilionyesha hili kwa panya mwaka 2002. Mfano ninaoupenda mimi lakini ni wa protini mbili, FRB na FKBP, kazi ya watafiti akina Luker ya 2004: hizo protini haziungani mpaka uweke dawa ya rapamaisini, ukimpa panya dawa mwanga unapanda. Na waliweka pia FRB yenye mutesheni (badiliko) inayoifanya isishike dawa. Hiyo kontrol, kipimo cha kulinganishia, ndo naiangalia kwanza kwenye pepa yoyote, maana vipande vingine vinajipendekeza vyenyewe, vinaungana hata kama A na B hazijuani. Ndo maana NanoBiT ya 2016, lusiferasi nyingine iliyogawanywa vipande viwili, yenye kipande kidogo cha amino asidi 11 tu, ilitengenezwa makusudi vipande visishikane kwa nguvu.

Halafu mwanga ukishuka usikimbilie kusema dawa imetenganisha protini. Lusiferasi ya kimulimuli inakula ATP (nishati ya seli) na oksijeni, so seli zikifa au uvimbe zilizouunda ukikosa damu, giza ni lilelile. Kwenye seli hizohizo weka na lusiferasi nzima ya Renilla, kiumbe cha baharini, inatumia kemikali nyingine na haihitaji ATP, uone kama seli bado zipo, ndo uje tuongee.